Binti Yangu Asema Paka Ndiye Aliyekula Mandazi, na Hatuna Paka

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia nikiwa kwenye matatu, Jogoo Road, tumesimama kama kawaida yetu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, msichana wa miaka minne na nusu, yuko PP1, darasa la kwanza la chekechea. Ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi Industrial Area. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kabla hajaamka, na nikirudi saa mbili usiku mara nyingi nampata ameshaogeshwa na kulishwa. Katikati ya hapo yuko na dada wa kazi, ambaye huu ni mwaka wake wa pili kwetu.

Shida yangu ni uongo. Wiki mbili zilizopita dada alipika mandazi ya wageni, akayafunika mezani. Nilipofika yalikuwa yamepungua matatu. Nikamwita binti yangu. Midomo inang'aa mafuta, sukari imefika hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza, "Nani amekula mandazi?" Akaniangalia usoni, hapepesi macho, akasema, "Ni paka." Mwalimu, tunaishi ghorofa ya nne. Hatuna paka. Mwenye ploti haruhusu hata kifaranga. Nikamuuliza paka aliingilia wapi. "Dirishani." Na sasa yuko wapi? Akafikiri kidogo. "Amerudi kwao."

Baba yake alicheka, mimi nikanuna. Lakini Jumamosi iliyofuata hapakuwa na cha kuchekesha. Nilipomvua nguo nimwogeshe nikaona alama nyekundu mkononi, kama amefinywa. Damu ilinienda mbio. Nikamuuliza, "Ni dada amekufinya?" Kimya. "Niambie ukweli, ni dada?" Kimya. "Usiogope, mama niko hapa. Ni dada, sivyo?" Akaitikia kwa kichwa. Sikungoja la pili. Nilimfokea dada pale kwenye korido, majirani wametoa vichwa milangoni, nikamwambia afunge virago. Kesho yake jirani wa chini akapanda kuniomba radhi: mwanawe wa kiume ndiye aliyemfinya binti yangu, waligombania baiskeli kwenye ngazi. Nilimwangukia dada jikoni, akasema yameisha. Ila zamani aliniita Mama Fulani kwa jina la mtoto, na sasa ananiita "madamu". Wala chapati hapiki tena mpaka nimwombe.

Mwalimu wa darasa naye ananiambia binti yangu amewatangazia wenzake kwamba tumenunua gari jekundu. Hatuna gari. Alinishauri nimnyoroshe nyumbani. Mume wangu amesema samaki mkunje angali mbichi, akaleta fimbo, akaiweka juu ya kabati. Bado haijatumika, lakini iko pale, na sote tunaiona, mtoto akiwemo.

Kinachonichanganya ni hiki. Mtoto huyu mwenye akili ya kubuni paka ndiye huyo huyo aliyelia Jumapili kwa sababu binamu yake alikatiwa chapati vipande vinne na yeye akapewa yake nzima. "Yeye ana nne, mimi moja tu!" Nikaikata yake mara nne mbele ya macho yake. Akafuta machozi, akala, ameridhika. Sasa ni mjanja au ni mjinga?

Nimeanza kusoma kwenye simu utangulizi wa saikolojia ya makuzi ya mtoto. Nasoma nikiwa safarini, halafu nafika nyumbani nadanganywa na mtu wa futi tatu. Mtaalamu huyu ana hatua nne, yule ana nane, na kila ukurasa unanionyesha kosa langu jipya. Lililonichoma zaidi ni lile la mtoto kumhitaji mama yake. Wangu akiota ndoto mbaya usiku humwita dada, si mimi. Je, uongo huu umeletwa na mimi kutokuwepo?

Mama wa Mmoja, Umoja, Nairobi


Marahaba, Mama wa Mmoja.

Hilo la "amerudi kwao" limenichekesha mpaka chai ikapoa. Nimefundisha chekechea huku Eastlands miaka 27, na paka huyo namjua vizuri. Darasani kwangu alikuja akiwa fisi, akaja akiwa jini, na muhula mmoja alikuja akiwa kanjo, askari wa jiji, aliyechukua kalamu zote za rangi akatoroka nazo. Anakula, anamwaga, anavunja, kisha haonekani tena.

Wacha nianze na chapati. Ukiielewa chapati, mengine yatashuka yenyewe.

Huyo mwenye hatua nne uliyemsoma kwenye matatu bila shaka ni Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipata kazi Paris ya kuwauliza watoto wa shule maswali ya kupima akili. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu majibu yaliyo sawa. Yeye akavutwa na yaliyokosewa. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja, kana kwamba wamekubaliana, na wakikua kidogo hukosea kwa namna nyingine. Akahitimisha kwamba mtoto si mtu mzima aliyepungukiwa na elimu. Ana mantiki yake, inayofanya kazi sawasawa kwa vipimo vyake, na mtu akiwa na subira anaweza kuichora.

Jaribio lake maarufu unaweza kulifanya jikoni. Weka maji kiasi kilekile katika bilauri mbili zinazofanana, mtoto akubali kwamba ni sawa. Kisha, akiwa anatazama, mimina bilauri moja kwenye chombo chembamba kirefu. Muulize wapi kuna maji mengi. Mtoto wa miaka minne atakuonyesha kile kirefu. Ameyaona maji yakimiminwa, hakuna tone lililoongezwa, na bado anakuambia yamezidi. Kwa wengi jambo hili hukaa sawa wakifika miaka sita au saba hivi.

Chapati ni maji hayohayo. Binti yako anashika jambo moja linalopiga kelele machoni, yaani idadi ya vipande, na analiacha lile linalonyamaza, yaani ukubwa. Wala hawezi bado kuvirudisha vipande kichwani mwake vikawa duara tena. Kwa hiyo ulipomkatia mara nne ulimjibu kwa lugha yake, na ulifanya vyema kuliko mimi, maana enzi zangu za mwanzo ningempa hotuba. Si mjinga. Yuko mahali ambapo wewe na mimi tulipita, tukasahau.

Na hizo hatua zisikutishe. Za Piaget ni nne: kuzaliwa hadi miaka 2, miaka 2 hadi 7, 7 hadi 11, halafu kuendelea. Zile nane ni za Erik Erikson, zinazomfuata mtu mpaka uzeeni, na zinahusu zaidi jinsi mtu anavyojiona na anavyohusiana na wenzake. Umri wanaoutaja ni wa kukadiria. Usiuchukue kama ratiba ya treni ya SGR, ukaanza kuangalia saa na kuuliza mbona mwanangu hajafika Mtito Andei.

Sasa paka. Hapa Piaget mwenyewe alimpunguzia mtoto sifa. Aliamini kwamba mtoto wa umri wa wako amefungwa ndani ya mtazamo wake, haoni kwamba mwingine huona vingine. Fikiria binti yako alifanya nini pale mezani. Alijua yeye ndiye aliyekula. Alijua pia kwamba wewe hukuwepo, kwa hiyo kichwani mwako jambo hilo halimo, pana nafasi tupu, na katika nafasi hiyo mtu anaweza kuweka paka. Akiwa na miaka miwili huenda asingeweza. Mtoto wa miaka miwili mara nyingi ni kana kwamba anaamini anachokijua yeye kinajulikana na dunia nzima.

Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walichapisha jaribio walilolifanya na watoto huko Austria. Waliwasimulia habari za mtoto aitwaye Maxi aliyeweka chokoleti yake katika kabati moja, akatoka kucheza, na nyuma yake mama akaihamishia kabati jingine. Akirudi, Maxi ataitafuta wapi? Wewe utasema pale alipoiacha, kwa kuwa hajui. Watoto wadogo, wa miaka mitatu, hujibu kwamba ataitafuta kule iliko sasa. Wao wanajua iliko, basi na Maxi anajua. Kuanzia miaka minne hivi hadi mitano ndipo wengi hugeuka na kutoa jibu lako.

Kuna jaribio jingine la aina hii ambalo nadhani liliundwa mahususi kwa nyumba za Nairobi. Chukua lile kopo la biskuti la nyanya yake. Unajua lina nini ndani, sisi sote tunajua: nyuzi, sindano na vifungo. Mtafutie mtoto ambaye hajawahi kulifungua, muulize mna nini. Atasema biskuti. Mfungulie, aone nyuzi, lifunge. Kisha muulize: dada akija sasa hivi, hajaliona ndani, atasema mna nini? Wa miaka mitatu atasema nyuzi, bila aibu. Hata ukimuuliza yeye mwenyewe alidhani nini kabla hujafungua, huenda akasema alidhani nyuzi. Aliyevuka atasema biskuti, tena atacheka na kuziba mdomo, akimngojea dada aanguke mtegoni.

Binti yako amevuka, au ana mguu mmoja ng'ambo. Ndiyo maana uongo wake una tundu. Alijua hukumwona akila, akasahau kwamba unayaona mafuta. Kuupata uongo wa kwanza ni kazi moja. Kuulinda hadi swali la tatu, uso ukiwa umetulia na hadithi ikishikana, ni kazi nyingine ambayo huchukua miaka. Mtoto anayesema "amerudi kwao" hajawa tapeli. Anafanya mazoezi ya akili ileile atakayoitumia kesho kumfariji mwenzake anayelia, kukuchagulia zawadi unayoipenda wewe na si anayoipenda yeye, na kumtania baba yake. Vyote hivyo vinahitaji kujua kwamba vichwa vingine vina mambo mengine.

Sisemi umpigie makofi. Nasema usimtege. "Nani amekula mandazi?" si swali, kwa kuwa ulikuwa na jibu limeandikwa kwenye nyusi zake. Ulimfungulia mlango wa uongo ukamsimamia kando. Siku nyingine mwambie tu: "Naona umekula mandazi ya wageni, matatu. Hayo yalikuwa ya wageni. Basi leo hupati lingine, na kesho utamsaidia dada kukanda mengine." Kosa ni mandazi, na mandazi yanalipwa kwa kukanda unga. Hakuna aliyelazimika kudanganya.

Gari jekundu nitalipita haraka. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alieleza kwamba mchezo wa kuigiza huzaliwa pale mtoto anapotamani kitu kisichoweza kupatikana sasa hivi. Hutaka, hapati, hataki kuacha kutaka, basi anakijenga. Wewe mwenyewe umekwama Jogoo Road kila jioni. Utaniambia hujawahi kusema mbele yake, "Laiti tungekuwa na kagari?" Yeye amekununulia, tena kekundu. Mjibu: "Ungependa tuwe na gari jekundu, eeh? Tungeenda wapi?" Utamsikia akikupeleka Mombasa.

Ni suala la dada ndilo linalonikalisha. Mama, naomba univumilie.

Pale hapakuwa na uongo wa mtoto. Rudia barua yako uyaone maswali. Ulimuuliza mara tatu, na mara zote tatu jina la dada ulilitia wewe mdomoni mwake. Mara mbili alinyamaza. Ya tatu ilikuja na "sivyo?" na uso wa mama uliovimba. Mtoto yule yule niliyekueleza, aliyegundua juzi kwamba una kichwa chenye mambo yake, alikisoma kichwa chako na kukupa ulichokuwa unakitafuta.

Haya yamechunguzwa sana, kwa kuwa mahakama zilihitaji kujua kama ushahidi wa mtoto mdogo unaaminika. Stephen Ceci na Maggie Bruck walikusanya tafiti nyingi katika mapitio yao ya mwaka 1993, wakaonyesha kwamba watoto wa umri wa chekechea huelekezwa na maswali kwa urahisi kuliko wakubwa, hasa swali linapobeba jibu ndani yake na kurudiwarudiwa. Hata kwa Piaget jambo hili lilijitokeza. Katika majaribio yake mtoto huulizwa swali lilelile mara mbili, kabla ya kumimina maji na baada yake. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank waliwauliza watoto wa miaka sita mara moja tu, baada ya mabadiliko, nao wakakosea mara chache zaidi. Mtoto anayeulizwa tena na mtu mzima huhisi kwamba jibu lake la kwanza halikutakiwa. Hubadilisha kwa adabu.

Kwa hiyo ukiona alama mwilini, keti chini ulingane naye, sema, "Naona alama hapa. Niambie ilikuwaje," kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Hesabu mpaka kumi ndani kwa ndani. Akisema kidogo, muulize, "Halafu?" Usitaje jina la mtu ambaye yeye hajamtaja.

Ila usije ukaondoka hapa na funzo la kinyume, kwamba binti yako haaminiki. Mtoto akikuambia kwa maneno yake, bila wewe kumsukuma, kwamba mtu anamuumiza au anamshika asipotaka, mwamini kwanza na ulifuatilie. Simu ya watoto hapa Kenya ni 116, haina malipo, na mzazi pia anaweza kupiga.

Na dada ulimfokea koridoni, ukamwomba radhi jikoni. Majirani waliosikia la kwanza hawakusikia la pili. Hapo ndipo hiyo "madamu" ilipotokea. Itafute siku ambapo milango iko wazi, umwombe msamaha palepale kwenye korido, kwa sauti ileile, na mtoto awepo. Ataona mtu mzima akikiri kosa na jengo halianguki.

Tupande juu ya kabati. Nikuambie yangu. Nilianza kufundisha wakati kiboko kilikuwa bado kinaruhusiwa shuleni. Kanuni zilizokiruhusu zilifutwa mwaka 2001. Nilikuwa na rula ya mbao. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa akiiba uji wa wenzake. Nilimchapa vidole, akaendelea. Nikamchapa tena. Baada ya muda sikumkamata tena, nikajisifu ofisini kwa walimu wenzangu. Muhula ulipokaribia kuisha mpishi akaniambia uji bado unaibwa. Rula yangu haikumfundisha kuacha. Ilimfundisha kupangusa mdomo.

Miaka mingi baadaye nilikutana na utafiti wa Victoria Talwar na Kang Lee, wa mwaka 2011, nikamkumbuka yule mtoto. Walikwenda katika nchi moja ya Afrika Magharibi, kwenye shule mbili za watoto wa miaka mitatu na minne. Shule moja iliadhibu kwa fimbo, makofi na kufinya. Nyingine kwa kukemea na kumtenga mtoto kwa muda. Kila mtoto aliachwa chumbani na kitu cha kuchezea nyuma yake, akiambiwa asigeuke kukitazama. Katika shule zote mbili wengi waligeuka. Mtoto ni mtoto. Tofauti ilikuja walipoulizwa. Wale wa shule ya fimbo walikana kwa wingi kuliko wa ile nyingine, na maswali ya ufuatiliaji yalipokuja walijua zaidi kuulinda uongo wao usijifichue. Wa miaka mitatu na minne, Mama. Wao wasingesema "amerudi kwao".

Kwa hiyo mwambie baba yake, kwa heshima zote, kwamba samaki mbichi hukunjwa kwa kiganja. Ukimkunja kwa rungu unapata kitu cha kula kwa kijiko. Kama anapenda sheria kuliko methali, Katiba yetu ya 2010, ibara ya 29, inataja adhabu ya viboko miongoni mwa mambo ambayo mtu ana haki ya kutofanyiwa. Huyo mwalimu wa darasa naye kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamkataza kumchapa mwanafunzi. Kukuomba umnyoroshe nyumbani ni kutafuta mkono wa kukodi.

Kama mumeo anataka jambo la kufanya, na wanaume wengi wakinyang'anywa fimbo hutaka kupewa kitu kingine mkononi, mpe kazi ya hadithi. Mwaka 2014 Kang Lee na wenzake waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadi saba hadithi mbalimbali kabla ya kuwaweka kwenye jaribio kama lile la kutogeuka. Ile ya mchungaji aliyepiga mayowe ya uongo hadi kondoo wakaliwa, ambayo sote tulitishiwa nayo, haikupunguza uongo. Iliyosaidia ni ile ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, akiwa mtoto, aliyekata mti wa baba yake, akakiri, na baba akamfurahia kwa kusema kweli. Watafiti walipoubadilisha mwisho ili mtoto aadhibiwe kwa uongo, faida ikatoweka. Washington wa nini Umoja? Baba na asimulie siku aliyovunja redio ya babu, akaenda mwenyewe kusema. Ikiwa hakwenda kusema, na asimulie ile nyingine.

Nimeiacha ndoto ya usiku mwisho kwa sababu najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Uliyosoma kuhusu mtoto kumhitaji mama yake yanatokana na John Bowlby, Mwingereza aliyeandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Wengi wa watoto hao walikuwa wa taasisi na wa vita, waliokosa mtu yeyote wa kudumu. Sasa sikia. Mwanamke aliyekuja kuyafanyia kazi mawazo hayo zaidi ya wote, Mary Ainsworth, hakuanza kuwachunguza watoto majumbani mwao Ulaya wala Marekani. Alianzia hapa jirani, katika vijiji karibu na Kampala, mwaka 1954. Alizitembelea familia 26 za Waganda, tena na tena kwa miezi, akitazama watoto wachanga wakitambaa kwenda mbali na mama, wakigeuka kumwangalia, wakirudi. Kwenye nyumba hizo mtoto alishikwa na mama, na dada zake, na nyanya, na mke mwenza. Watoto waliweza kushikamana na mama na pia na mtu mwingine. Hata hapa kwetu, utafiti uliofanywa kwa Wagusii na kuchapishwa mwaka 1986 ulikuta watoto wachanga wakishikamana na mama zao, na vilevile na wale wasichana wadogo waliowabeba mchana.

Binti yako ana watu wawili. Usiku akimwita dada anamwita yule ambaye mikono yake ndiyo iliyomlaza. Hajakutoa wewe kwenye hesabu. Hiyo si chapati, kwamba kipande alichopata dada kimekatwa kwako. Mtoto wa kusikitikia ni yule anayeota ndoto mbaya na hana wa kumwita, au anayebadilishiwa dada kila baada ya miezi mitatu. Ndiyo sababu nyingine ya kwenda kule koridoni kabla huyu hajafunga virago kwa hiari yake.

Wala uongo wa paka haukuletwa na duka la vifaa vya ujenzi. Ungekaa nyumbani kutwa nzima paka angekuja vilevile, pengine mara nyingi zaidi, maana angekuwa na wa kumsimulia. Ukitaka kitu cha kufanya na hiyo saa mbili usiku, mchukue mapajani hata kama amevaa nguo za kulala, dakika kumi, umweleze siku yako kwanza: nani alinunua misumari, nani alidai chenji ambayo si yake, konda alisema nini. Kisha umwache aseme yake. Usimsahihishe. Nusu itakuwa kweli.

Kama akifika miaka saba au minane na bado anadanganya karibu kila siku, anaiba, au anaumiza wenzake, au kama sasa hivi ukiona ameanza ghafla kuogopa mtu fulani, kukojoa kitandani alikokuwa ameacha, kukataa chakula, hapo usiniandikie mimi. Mpeleke kwa mshauri wa watoto hospitalini.

Jumapili hii litafute lile kopo la biskuti. Hakikisha hajawahi kulifungua. Muulize kuhusu dada, kisha umwite dada mwenyewe aje akisie, na mtoto awe analitazama jibu likitoka. Niandikie alisema nini, na kama chapati zimerudi mezani bila kuombwa.